Ratiba Mlangoni mwa Hema

Mume wangu hupanga safari za mabasi stendi, na likizo yetu akaipanga vivyo hivyo. Alibandika ratiba mlangoni mwa hema: kila siku, saa mbili kamili asubuhi, tuwe getini kwenye bustani ya mabembea. Siku mbili tulizungushwa huko mpaka kizunguzungu. Kambini tulirudi kulala tu, kama mizigo. Nilikuwa hoi, lakini nani amwambie?

Siku ya tatu akapuliza filimbi yake ya kazini. Watoto wakajifunika gubigubi. Nami nikajifanya nimelala, nikisubiri kufokewa.

Nilipochungulia, alikuwa ameketi, kiatu kimoja mkononi, anakanda mguu uliovimba.

“Abiria,” akasema taratibu, “gari bovu. Safari ya leo imefutwa.”

Akabandua ratiba, akajipepea nayo, akawa wa kwanza kukoroma.