Siku Baba Alipopima Barabara ya Kyamwilu

Kwetu, kwenye milima iliyo juu ya mji wa Machakos, mtu hakupanda mlima bila sababu. Ulikwenda kutafuta mbuzi, au kuni, au kumwona mgonjwa upande wa pili. Ukikutwa njiani mikono mitupu uliulizwa unatafuta nini, na ukijibu "natembea tu," aliyeuliza alikuangalia mara mbili. Kwa hiyo nilijifunza mapema kubeba panga. Mwenye panga haulizwi. Nilipita nalo msitu wa Iveti, nikashuka nalo mpaka bwawa la Maruba, nikafika nalo Kangundo kwenye mashamba ya kahawa, na sidhani kama kwa miaka hiyo yote lilikata zaidi ya miwa miwili.

Nilitaka kuona. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Mto ukipinda nilitaka kujua unakwenda wapi baada ya kupinda. Nilipokuwa darasa la saba mwalimu alichora ubaoni ramani ya upande wetu, akaweka vitone: Kathiani, Mitaboni, Kangundo. Wenzangu wakanakili. Mimi sikuonekana shuleni siku tatu, maana nilikuwa nimekwenda kuhakikisha kama Mitaboni ipo. Ipo. Nilifika siku ya soko, nikashinda nikimtazama mzee mmoja akisuka kamba za katani, nikaona nimejifunza kuliko muhula mzima. Mwaka uliofuata shule iliniisha kidogo kidogo, kama soli ya kiatu, bila ugomvi na mtu.

Ugomvi ulikuwa nyumbani. Baba alikuwa fundi wa kupima matuta. Mashamba yetu yamelala kwenye miteremko, na mvua ikija bila kuzuiwa huondoka na udongo wote, kwa hiyo watu huchimba mitaro ya kukata mteremko na kutupa udongo upande wa juu. Mtaro ukipinda vibaya, maji hukusanyika mahali pamoja na kuvunja kila kitu. Baba aliitwa kuonyesha mtaro upite wapi. Alikuwa na fimbo mbili za urefu sawa, kamba ya kuunganisha fimbo hizo, na pimamaji ndogo ya kuning'iniza katikati ya kamba: kichupa cha kioo chenye povu moja la hewa ndani. Povu hukimbilia upande ulio juu. Likitulia katikati, fimbo zote mbili ziko sawa, na mtaro unapita hapo. Alisoma milima mizima kwa povu lile, hatua kumi kumi.

Alitaka nirithi kazi hiyo. Nilishika fimbo mara chache, lakini macho yangu yalikuwa ng'ambo ya bonde.

"Wima!" alikuwa akinifokea. "Shika fimbo wima. Ama umeona tembo huko?"

Kusoma povu hakuniruhusu hata siku moja. Hiyo ilikuwa kazi yake peke yake.

Baadaye nilifanya mambo mengi. Nilipakia mchanga, nikachuma kahawa, nikachimba mashimo ya nguzo za ua huko Kinanie. Hakuna kilichonishika kama Kyamwilu. Ni kipande cha barabara ya lami, nje kidogo ya mji, ambacho ukisimama hapo unakiona kinapanda. Ukimwaga maji, yanapanda. Ukiacha gari bila gia, linapanda lenyewe taratibu, kama linavutwa na mtu asiyeonekana. Wageni hufika hasa Jumapili, wengi kutoka Nairobi, na siku hizo palikuwa na vijana wanne watano wa kuwamwagia maji kutoka kwenye chupa na kuwapa maelezo. Kwa misimu miwili nilikuwa mmoja wao. Maelezo yalimtegemea mgeni. Kwa wazee tulisema ni siri ya mababu. Kwa wanafunzi, sumaku iliyo chini ya kilima. Kwa waliookoka, ni mkono wa Mungu, na hao ndio walioshangilia zaidi. Mimi mwenyewe niliamini ile ya sumaku.

Baba hakuwahi kufika pale. Ni mwendo mfupi kutoka nyumbani, lakini hapakuwa na shamba la kupimwa, angefuata nini? Nikirudi jioni aliniuliza mbele ya mama.

"Umemwaga maji leo?"

"Nimemwaga, baba."

"Barabarani?"

"Ndiyo."

"Na mama yako anayateka mtoni."

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mimi sikucheka.

Kisha macho ya baba yakaanza kuondoka. Tuligundua alipopima shamba la jirani na mtaro ukatoka umepinda, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lingefuata, labda baada ya mwaka, labda kabla. Dawa ya matone ingelichelewesha tu, na kilichokwenda hakirudi.

Alikaa na habari hiyo wiki nzima. Asubuhi moja, akiwa na kikombe cha chai mkononi, akaniuliza, "Zile siku ulikuwa unapotea. Ulikuwa unaona nini?"

Nilidhani ananigombeza. "Vitu tu."

"Vitu gani?"

"Milima. Maji."

Alipuliza chai yake. "Hii milima nimeiangalia maisha yangu yote nikitafuta pa kuchimba. Nikifunga macho naona mitaro peke yake. Nipeleke mahali. Kabla hii ingine haijazima."

Mama alinisubiri nje. "Ukimpeleka aanguke huko," akasema, "na wewe ubaki hukohuko."

Nilichagua Kyamwilu kwa sababu ni karibu na ni lami. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mama. Sababu ya kweli ni kwamba pale palikuwa mahali pekee ambapo watu waliniuliza mambo na kusubiri jibu langu, na nilitaka baba alione jambo hilo akiwa bado na jicho la kulionea.

Alitoka amevaa koti la kanisani. Mkononi alikuwa na fimbo zake mbili, na kamba imeviringwa.

"Baba, leo hatuendi kupima."

"Wataniuliza naenda wapi," akasema, akatangulia.

Pale Kyamwilu vijana wenzangu walikuwa wamesimama na chupa zao.

"Niaje mkuu! Leo umeleta mzee?"

"Ni baba yangu."

"Karibu mzee! Leo utaona maajabu."

Palikuwa na wageni wawili tu, mwanamke na mume wake, wamekuja na gari dogo jeupe. Mume alikuwa ameshika simu tayari kupiga video. Nikachukua chupa, nikasafisha koo, nikaanza maelezo ya sumaku kwa sauti ambayo baba hakuwahi kuisikia kutoka kwangu. Nikamwaga.

Jua lilikuwa limeshapanda, na maji yakang'aa juu ya lami. Nilimwona baba akigeuza kichwa, akitafuta kwa jicho lake la kulia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, mpaka akayapata. Akayafuata. Yalijikusanya, yakatoa ulimi mwembamba, yakaanza kupanda.

"Aiya!" akasema baba.

Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo. Kisha akasema, "Hapana."

"Si umeyaona, baba?"

"Nimeyaona. Ndiyo nasema hapana. Maji nayajua mimi." Akaanza kukunjua kamba.

"Mzee anafanya nini?" mwanamke akaniuliza.

"Anataka kujua kama maji yamepata wazimu," nikajibu, nikajaribu kucheka.

Baba alimpa mwanamke yule fimbo moja, akamtuma upande ambao maji yalikuwa yanaelekea. Mume akapewa nyingine, upande nilikomwagia, akatia simu mfukoni. "Wima, mama. Wima! Na wewe bwana, usiiegemee." Wakasimama wima kama askari. Baba akavuta kamba, akatoa pimamaji kwenye mfuko wa koti, akaining'iniza katikati. Akainama.

Alikaa pale kwa muda mrefu. Alisogeza kichwa kushoto, kisha kulia. Akapangusa kichupa kwa kidole gumba, akainama tena. Wageni walidhani ni ufundi. Mimi ndiye niliyejua. Maji yaliyong'aa juani aliweza kuyaona, lakini povu dogo kama punje ya mtama ndani ya kioo kilichochakaa lilikuwa limemtoka.

"Kuja," akaniambia, bila kuinua kichwa. "Soma."

Nilikwenda. Niliinama karibu naye mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya kipande kwenye koti. Povu lilikuwa limebanwa kwenye ncha moja ya kichupa, upande wa yule mume, upande nilikomwagia maji. Ule ambao kila mtu aliyesimama pale aliuona kuwa ndio wa chini.

"Limekimbilia wapi?"

Ningeweza kusema lolote. Asingejua. Wenzangu walikuwa wamekaribia na chupa zao, na nilikuwa nimewaapia watu maneno mengi mahali pale kwa misimu miwili.

"Upande tulikomwagia," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika, baba."

"Rudisha nyuma kamba, iache itulie, soma tena."

Nikasoma tena. Ni hukohuko.

"Basi huko ndiko juu," akasema, akanyooka, mkono mmoja kiunoni. "Barabara inateremka. Maji yanakwenda chini kama kawaida yake."

"Mkuu," mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "huyu mzee atatulaza njaa."

"Kwa hivyo tumedanganywa?" mume akauliza.

"Nani amekudanganya? Maji hayajasema kitu." Baba alimgeukia. "Macho yako ni mazima, bwana?"

"Mazima kabisa."

"Na yanaona hii ikipanda?"

"Mpaka sasa."

Baba akaanza kucheka. Alicheka polepole, mabega yakitikisika, na ilionekana wazi kwamba kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari kuna kitu kimempendeza sana. Baadaye nilielewa jinsi jambo lenyewe lilivyo: vilima vya pembeni vimelala mshazari, na jicho hupima barabara kwa kuilinganisha navyo, likakosea. Siku ile hakuna aliyetaka maelezo.

"Mwaga tena," baba akaniambia.

"Si tumeshajua yanashuka?"

"Nimejua. Mwaga nione."

Nikamwaga. Mwanamke akaomba chupa naye akamwaga. Baba alipiga magoti pembeni ya lami na koti lake la kanisani, akayasindikiza maji kwa lile jicho moja, na kila yalipoanza kupanda alisema "Angalia, angalia," kana kwamba ni yeye aliyetuleta. Tulimaliza maji ya vijana wote. Wageni walipoondoka waliacha gari lao liende lenyewe bila gia, mwanamke akipunga mkono dirishani, na baba akalipungia mpaka likapotea.

Njiani kurudi hakusema habari za sumaku yangu. Alisema tu, "Umesoma vizuri." Tulipofika karibu na nyumbani akauliza, "Kuna mahali pengine?"

Palikuwapo pengi. Kila Jumamosi mwaka ule tulitoka. Tulikwenda Maruba kuangalia ndege weupe kwenye ukingo wa bwawa, ambako alilalamika kwamba maji ni mekundu kwa udongo wa watu wavivu, kisha akakaa saa mbili bila kutaka kuondoka. Tulikwenda milima ya Mua wakati wa matunda. Tulikaa kwenye nyasi mjini tukiwaangalia vijana wakipigana picha, na baba akitaka nimweleze kila mmoja amevaa nini. Safari ya tatu aliacha fimbo nyumbani. Akiulizwa njiani anakwenda wapi alijibu, "Natembea na kijana yangu," na mtu alibaki ameduwaa, naye alifurahia hilo kuliko ndege na matunda.

Njia nyingi tulizopita siku zile sasa zimekatwa na kuta za mawe za watu walionunua viwanja. Kyamwilu pana vibanda, na vijana walio pale hawanijui. Nikipita hununua soda, nasikiliza maelezo yao, nanyamaza.

Safari yetu ya mwisho ya kwenda kuona kitu ilikuwa Iveti, juu ya mwamba ambapo asubuhi iliyo wazi mtu anaona Kilimanjaro upande wa kusini. Baba alisema mlima huo aliuona mara nyingi akiwa kazini na hakuwahi kuacha kamba ili autazame. Kufikia wakati huo alikuwa amebaki na mwanga na kivuli tu. Tulipanda tangu alfajiri, mkono wake begani kwangu, tukipumzika kila baada ya hatua chache. Juu kabisa nikamkalisha, nikamfungulia muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ambayo mama alikuwa ametufungia ingali moto.

"Huo mlima," akasema. "Unaonekana leo?"

Niliangalia. Upande wote wa kusini ulikuwa umefunikwa, kuanzia chini kwenye tambarare mpaka juu.

"Hauonekani, baba. Ni mawingu matupu."

Alitafuna kidogo, uso umeelekea kusini.

"Basi niambie mawingu," akasema.

Nikaanza na yale ya karibu.