Mama Tulasa Asipelekwe Mtoni Mapema

Basi lilipinda nyuma ya kilima cha Swayambhu, likaanza kupanda kwa njia nisiyoijua. Kilima chenyewe nakijua. Miaka mingi niliyokaa Patan, jirani na Kathmandu, nimekipanda kwa ngazi za mashariki, kwa miguu, nikihema pamoja na vikongwe na nyani, kama wapandavyo majirani zangu. Lakini mlango huu wa nyuma, wa magari ya wageni, ulikuwa mpya kwangu: maegesho, vibanda vya shanga, na mlinzi aliyenipima kwa macho kisha akataka kunikatia tiketi.

"Huyu si mgeni," Ghanashyam alimwambia. "Huyu mkalimani wangu."

"Basi mwambie afunge mdomo, anashangaa kuliko hao wengine."

Ghanashyam Lamsal huwaongoza wageni wenye siku moja tu Kathmandu, wale wanaoshuka ndege asubuhi na kupanda nyingine jioni. Siku hiyo alikuwa na Waitaliano saba. Kiingereza anakijua, Kihindi anakijua, Kijapani chake kinatosha kuombea radhi. Kiitaliano hakijui, ndiyo maana akaniita. Mpangilio wake haubadiliki: kilima kwanza, kisha uwanja wa wafalme wa zamani, kisha kuba kubwa la Boudha, na mto Bagmati mwisho kabisa. "Ukianza na mto," husema, "wageni hawali chakula cha mchana." Mtoni ndiko maiti huchomwa.

Tulikuwa hatujashuka kwenye basi simu yake ilipolia.

"Nakusikia, Baba Mdogo."

Sauti ya Homnath, mdogo wa marehemu baba yake, ilitoka kwenye ile simu kama ya dalali sokoni. "Unanisikia lakini huji! Mama yako anapumua kwa mabega. Machela ya mianzi iko uani. Tunamngoja mwana."

"Amefumbua macho?"

"Amefumbua, amefumba. Macho si kipimo, Ghana. Unataka afie chini ya dari kama mtu asiye na watu?"

"Msimtoe mpaka nifike."

"Basi fika!"

Mama yake, Tulasa, alikuwa amelala nyumbani kwao Handigaun, tangu juzi hali kitu. Kwa watu wa ukoo wa Lamsal, pumzi ya mwisho haitolewi ndani ya nyumba. Mgonjwa hubebwa hadi ukingo wa Bagmati, chini ya hekalu la Pashupati, akalazwa juu ya jiwe lililoinama, miguu ikielekea majini, na mwanawe akamtia maji ya mto kinywani. Ghanashyam ni mwana wa kiume wa pekee.

Watu wengi huogopa kuchelewa. Yeye aliogopa kuwahi. Jirani yao mmoja, mzee Kedar, alipelekwa mapema. Alipoonjeshwa maji alipiga chafya, akauliza nani kachukua blanketi lake. Handigaun nzima ilicheka, kisha ikaacha kucheka, kwa sababu aliyekwisha kuagwa, akirudi jikoni, husemwa kwamba amekuja na mauti nyuma yake. Mkwe wa Kedar alikuwa mjamzito, akakataa katakata kumpokea. Mzee aliishi katika chumba kando ya hekalu hadi alipokufa, mwanawe akimletea chakula na kukiacha mlangoni.

"Si wote wanaoamini mambo hayo siku hizi," Ghanashyam aliniambia pale kilimani, wageni wakiwapiga picha nyani. "Lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoamini."

Phurba, dereva wetu, Mtamang anayefuata dini ya Buddha, alikuwa akisikiliza huku akifuta kioo. "Nyie Wabahun wa Kihindu mnawaharakisha watu wenu utadhani wanawahi basi."

"Na nyie mnawachelewesha hadi lama, kuhani wenu, ashibe."

"Lama akishiba husali vizuri." Phurba alicheka, kisha akamtazama usoni, akaacha. "Nenda nyumbani, kaka. Hawa tutawazungusha sisi."

"Nikienda, machela inanyanyuliwa," alisema Ghanashyam. "Bila mimi hawamtoi. Nikiwa hapa, yeye yuko kitandani."

Nikaelewa basi kwamba wale Waitaliano saba walikuwa ngome yake.

Katika uwanja wa Basantapur tulisimama ndani ya ua wa nyumba ya mungu mtoto, msichana hai anayeabudiwa, shingo zimepinda, tukingoja uso wake utokee dirishani. Ghanashyam alianza historia ya wafalme na kuivuruga. Mfalme mmoja alimzika kabla hajazaliwa. Nikatafsiri vilevile, nao wakaitikia kwa vichwa. Mtoto alitokea, amevaa nyekundu, macho yamepakwa wanja, akatutazama kama mtu aliyekatizwa mchezo, akaondoka. Simu ikalia tena. Safari hii alikuwa Ambika, dada yake, akinong'ona.

"Kaka, Baba Mdogo kamleta mnajimu. Anasema saa njema inaisha mchana huu. Nimemgusa mama miguu, ina baridi."

"Na magoti?"

Shuka ilisikika ikifunuliwa. "Magoti yana joto."

"Msugue kwa mafuta ya haradali. Msugue sana. Mwambie Baba Mdogo nakuja."

"Unakuja kweli?"

Ghanashyam akakata simu.

Kati ya wale saba palikuwa na Ornella, mjane mwenye kofia pana na sauti ya mwalimu wa zamani. Alinivuta pembeni. "Kijana wetu ana nini? Uso wake umekuwa majivu."

"Mambo ya nyumbani, mama."

"Mama yake?"

Nikaitazama simu mkononi mwa Ghanashyam. Ornella akaitikia kwa kichwa, na tangu hapo hakuuliza tena habari za wafalme.

Boudha watu huzunguka lile kuba jeupe wakiliweka mkono wa kulia, wote upande mmoja, kama maji yanavyozunguka. Ghanashyam ameutembea mzunguko ule tangu ujana wake wa kazi. Siku hiyo aligeuka akaenda kinyume, simu mkononi, akiupasua umati, nasi tukimfuata kama mbuzi. Bibi mmoja wa Kitibeti alimsimamisha kwa kiganja kifuani.

"Wewe! Umevaa kichwa miguuni? Geuka! Usinivurugie dunia!"

"Nisamehe, bibi."

"Si mimi wa kukusamehe, tembea!"

Akageuka. Alikuwa bado anaomba radhi simu ilipolia, na Homnath hakusubiri aitikiwe.

"Tumetoka. Tuko njiani, Ambika kashika kichwa chake. Ukitaka kuwa mwana, njoo mtoni. Usipotaka, maji nitamnywesha mimi."

Chakula cha mchana hatukula. Ornella ndiye aliyewapandisha wenzake kwenye basi, akiwasukuma migongoni. Chabahil, njiani kwenda mtoni, magari yalikuwa yamekwama, pikipiki zimejaza kila upenyo. Phurba aliegemea honi tu. Ghanashyam alisimama mbele, mikono juu ya dashibodi.

"Nilidhani namlinda," alisema bila kugeuka. "Mahali pa kumlinda palikuwa nyumbani. Ningekaa juu ya kile kitanda, nani angeniondoa?"

"Huenda bado hawajafika," nilisema.

"Wanakwenda kwa miguu. Miguu haikwami."

Wageni huingizwa ukingo wa mashariki, wakakaa kwenye ngazi za mawe na kutazama ng'ambo. Mto pale ni mwembamba. Mtu akikohoa upande ule, unamsikia. Moto mmoja ulikuwa ukiwaka, mwingine umebaki moshi. Na juu ya jiwe lililoinama, karibu kabisa na hekalu, palikuwa na kitu kidogo kilichofunikwa kitambaa cha manjano, na watu wamekizunguka.

Kikundi cha wageni wengine kilikuwa tayari kimetega kamera. Mmoja wa Waitaliano wetu naye akainua yake.

"Waambie," Ghanashyam alisema. "Waambie yule ni mama yangu."

Niliwaambia. Kamera ilishuka. Ornella akaenda kusimama mbele ya wale wageni wengine, kofia yake pana imewaziba, na walipomlalamikia akajifanya hasikii.

Ghanashyam alivua beji yake ya kazi, akaniwekea kiganjani. Akavua viatu. Kisha akavuka daraja mbio.

Nilimwona akipiga magoti. Mtu alimpa jani la mrehani. Akachota maji kwa kiganja, na hapo mkono wake ukasita juu ya uso wa mama yake, maji yakivuja kati ya vidole, hata Homnath akamshika kiwiko na kuusukuma mkono chini. Nilidhani amechelewa. Nadhani naye alidhani hivyo.

Kitambaa cha manjano kikatikisika. Tulasa alikohoa. Alikohoa tena, akageuza kichwa, na mkono mwembamba ukatoka chini ya kitambaa ukakipiga kiganja cha mwanawe kama mtu anayefukuza nzi.

"Chai!" Ambika alipiga kelele, na sikujua kama analia au anacheka. "Kaka, anasema chai! Anasema maji haya yana ladha gani!"

Watu waliozunguka jiwe wakarudi nyuma. Mmoja alijifunika mdomo. Kuhani alitazama mto.

"Hafai kurudi," Homnath alisema. Maji yalituletea kila neno. "Mlangoni tumeshanyunyiza maji ya kutakasa. Godoro lake liko jalalani. Kuna chumba pale juu, atatunzwa."

"Kama Kedar?"

"Kama desturi! Mkeo atakubali? Una watoto, Ghana! Watu watasemaje?"

Ghanashyam alikuwa amemshika mama yake miguu, akiisugua, na kutoka ng'ambo tuliona anaogopa. Kila mara aliangalia juu ya ngazi, kule njia ya Handigaun, kana kwamba majirani wote walikuwa wamekwisha kupanga mstari. Kisha akachuchumaa, akamgeuzia mgongo.

"Ambika, mpandishe."

"Ghana!"

"Nyumba ni yake, Baba Mdogo. Sisi ndio tuliomkuta. Nishikie miguu yake ama nipishe."

Homnath hakumshika wala hakumpisha. Alisimama palepale akigomba, akimtaja marehemu kaka yake, akiitaja mvua ya mwaka ujao, harusi za mabinti. Lakini Ghanashyam alipoinuka na kukanyaga ngazi ya kwanza, pindo la kitambaa cha manjano lilijifunga miguuni mwake akayumba. Na yule mzee, bila kuacha kugomba, aliinama akalikusanya lile pindo, akawa anapanda nyuma yao ameshika kitambaa.

Juu kidogo walikutana na watu wanaoteremka na maiti yao. Ngazi ni nyembamba. Wale walisimama, wakaangalia mama aliyebebwa, wakaangalia mto, hawakujua nani ampishe nani. Mwisho wakajibana ukutani.

"Anampeleka wapi?" Ornella aliniuliza.

"Nyumbani."

"Ataishi?"

Wale wengine sita walinigeukia pia, wakingoja nitafsiri jambo. Ghanashyam alikuwa amefika ngazi za juu, anatembea polepole, kichwa cha Tulasa kimelala begani mwake. Na kutoka ukingoni nilipokuwa, sikuweza kuona kama amefumbua macho.