Mama Alivyopepea Rozela

Juzi pale Kariakoo muuza viungo alifungua gunia la rozela mbele yangu, nikasahau hata kuomba punguzo. Wanaonijua watasema nazua. Lakini harufu ile kavu, yenye uchachu na vumbi kidogo, ilinirudisha kwenye korido ya nyumba tuliyopanga nikiwa mtoto, milango ikitazamana, na joto la Januari lililomfanya hata paka alale ndani ya karai.

Jioni hiyo watu wa upande wa mume walikuwa wanakuja kumposa dada yangu Mwanaidi. Mama alikuwa na rozela, mchaichai, tangawizi, iliki na sukari ya kutosha sharubati moja nzito. Basi. Friji hatuna, bilauri zinazofanana hatuna, viti viwili na kimoja kinayumba. Nilivihesabu mara mbili, havikuongezeka. Dada alikuwa chumbani akilia kwa aibu ambayo bado haijafika.

"Mama, si ukaombe barafu kwa Mama Neema?" nikamwambia. Huyo alikuwa jirani yetu Mchaga, mwenye friji.

"Mimi na kuomba wapi na wapi? Niletee jiko hapa."

Hapa, yaani katikati ya korido, si uani tulikopikia siku zote. Akachemsha, akatia iliki, akapepea na kupepea. Harufu ikapita chini ya kila mlango.

Na nyumba yetu ilikuwa na desturi yake: jirani akinusa sufuria yako, umpelekee aonje. Nikatumwa na vikombe, roho ikiniuma, kila kikombe nikikiona ni mgeni mmoja atakayekosa.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Mama kasema uonje."

"Marahaba. Mbona umenuna kama unauza kwa hasara?" Bi Zuhura alikuwa mjane mwenye kabati zima la vyombo vya harusi. "Kuna nini leo?"

"Wanakuja kumposa Dada."

"Na nyie kimya hivyo!"

Ila desturi hiyo hiyo ilitaka kikombe cha jirani kisirudishwe kitupu. Cha Bi Zuhura kilirudi juu ya sinia la bilauri zinazong'aa. Cha Mama Neema kilirudi na ndoo ya barafu, naye nyuma yake akifoka: "Mama Mwanaidi, unataka kumpa mkwe maji ya moto? Ungeniambia!" Viti vikafuata, sijui hata vya nani. Kila mara Mama alishika kifua: "Jamani, mmejisumbua bure!"

Wageni walikunywa, wakaongezewa. Mshenga wao alitikisa bilauri asikie barafu, akasema hapa wamefika kwa watu. Dada akaposwa.

Nilidhani tumebahatika. Miaka ikapita, nikawa na jiko langu mwenyewe, ndipo siku moja nikapepea mkaa na mkono ukasimama hewani. Siku ile mkaa ulikuwa umeshakolea, mwekundu kabisa, kabla iliki haijaingia. Mama alikuwa anapepea nini? Na kwa nini vikombe alinipa mimi, mtoto nisiyeweza kufunga mdomo? Maisha yangu yote nimejisifu kwa kujua kupatana bei, kumbe sijamfikia hata kiatuni.

Rozela ya juzi niliichemsha nikiwa nimeacha wazi mlango wa flati yangu huku Mchafukoge. Nikampelekea jirani ambaye hata jina lake silijui. Jioni akanirudishia kikombe, ndani mna ndimu mbili. Nilizihesabu mara mbili.