Mafuta Yapo Muda Wote

Sipendi mtu aguse kazi yangu. Nilikuwa hivyo tangu utotoni, na nilipofungua chumba cha kompyuta pale Singida mjini, tabia hiyo ikapata pa kukaa. Nilikuwa na kompyuta nne, mashine ya fotokopi iliyopenda kutafuna karatasi, na tangazo ukutani nililoliandika kwa herufi kubwa: USIBONYEZE KITU KABLA YA KUULIZA. Wateja walilicheka lakini walilitii. Walikuja kuchapa barua za kuomba kazi, kufungua barua pepe, kutazama matokeo ya mitihani, na mimi nilipita nyuma ya viti vyao kama msimamizi wa mtihani wenyewe.

Ilikuwa miaka ambayo kila mtu alikuwa anaanzisha kitu chake. Nilipokuwa mdogo, mafuta ya kula tuliyapangia foleni kwenye duka la ushirika, na mama alirudi nyumbani Mwankoko na chupa moja aliyoishika kwa mikono miwili njia nzima. Kisha biashara ikafunguliwa, na kabla sijamaliza sekondari mashine za kukamua alizeti zilikuwa zinanguruma mpaka vijijini. Aliyekuwa karani akafungua duka la dawa. Aliyekuwa dereva wa serikali akanunua basi. Na mwalimu wangu wa darasa la tano, mwanamke mwembamba ambaye hakuwahi kupaza sauti na hakuwahi kurudia jambo mara mbili, alipostaafu akarudi kwao Misigiri akaweka mashine ya kukamua.

Siku alipoingia chumbani kwangu nilijikuta nimesimama, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unatengeneza zile kurasa za kwenye intaneti. Nataka na mimi ya kwangu."

Nilimtengenezea tovuti. Niliifanya kwa mapenzi, hilo siwezi kukana. Nilikesha nayo wiki nzima. Yeye alikuwa ameniletea maneno ya kuweka, yamepangwa vizuri kwenye karatasi ya mistari: tunakamua alizeti ya wakulima wa jirani, mafuta hupatikana baada ya mavuno mpaka yatakapoisha. Niliyaona maneno hayo yamepooza. Nikayaweka kando na kuandika yangu, kwa rangi ya njano na alama za mshangao: MAFUTA SAFI YA ALIZETI, YAPO MUDA WOTE!!

Mwalimu alivua miwani, akaisogelea skrini.

"Muda wote?"

"Mwalimu, biashara lazima ichangamke."

Aliitazama tena ile rangi ya njano, akatabasamu kidogo, na hakusema neno.

Kila alipotaka kitu kibadilishwe ilibidi aniandikie. Kupiga simu kutoka kwake kulihitaji kupanda kichuguu kutafuta mtandao, na kusafiri kwa ajili ya mstari mmoja kulikuwa kupoteza siku. Kwa hiyo alimpa kondakta wa basi barua, kondakta akamwachia muuza vocha wa stendi, nami nikaipitia jioni nikienda nyumbani. Barua zenyewe zilikuwa za Mwalimu kweli. Zilianza na salamu, zikaulizia afya yangu, ya mama yangu na ya majirani wa Mwankoko aliowakumbuka. Baada ya hapo zilitoa habari za kwake, nani ameumwa, nani amepona, mbuzi gani amezaa, mvua imenyesha wapi na wapi imeruka. Ukurasa wa pili, huko chini kabisa, ndipo ungekutana na "madhumuni ya barua hii," yaani ombi lenyewe, ambalo lilikuwa la maneno matano.

Hivyo ndivyo alivyotufundisha darasani. Mtu humwombi kitu kabla hujamjulia hali wala kumpa hali yako. Zamani niliandika insha za namna hiyo nikapata alama za juu. Lakini sasa nilikuwa mtu wa mjini mwenye haraka, na salamu za kurasa mbili ziliniudhi. Nikajizoesha kugeuza karatasi upesi, kutafuta neno "madhumuni", na kuanzia hapo. Nilijiona mjanja.

Mara mbili aliniuliza, alipokuja kuleta madumu ya mafuta mjini, kama hakuna njia ya yeye kuandika mwenyewe kwenye ukurasa wake.

"Ukigusa utaharibu, Mwalimu," nilimjibu. "Kuna mambo mengi nyuma yake huyaoni."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kitaalamu, na sikuwa nadanganya moja kwa moja. Nyuma kweli kulikuwa na mambo. Lakini nilishasikia kuwa zipo programu za bure zinazomwezesha mtu asiyejua lolote kubadili maneno ya tovuti yake bila kugusa yaliyo chini yake. Sikuzitafuta. Niliogopa kwamba siku wateja wangu watakapoweza kujiandikia, hawatanihitaji tena. Tena kulikuwa na jambo dogo zaidi la kunitia aibu: sikutaka mtu aondoe ile rangi yangu ya njano.

Baada ya mwaka mpya, mvua zikiwa bado zinanyesha, ikaja barua ndefu kuliko kawaida. Nilikuwa nimechoka na umeme ulikuwa unakatika kila saa. Nikageuza, nikatafuta madhumuni, nikaona anaomba nibadilishe namba ya simu, maana ya zamani imepotea pamoja na simu yenyewe. Umeme uliporudi nikabadilisha namba. Barua nikaitumbukiza kwenye boksi la karatasi pamoja na nyingine, nikafunga mlango.

Wiki tatu baadaye Mwalimu aliingia bila madumu. Alikuwa na mkoba na karatasi moja iliyokunjwa. Aliitikia shikamoo yangu, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasubiri mtu aliyekuwa akichapa amalize na kuondoka. Ndipo akaifungua ile karatasi. Ilikuwa tovuti yake, imechapishwa na kompyuta ya watu wengine.

Alinieleza taratibu. Juzi lilifika gari dogo la mizigo kutoka upande wa Babati. Ndani yake walikuwamo dereva na matroni wa shule moja ya bweni, na nyuma mapipa matatu matupu. Walikuwa wamenakili namba yake ya zamani tangu mwaka jana, wakapiga hiyo hiyo bila kutazama kama imebadilika, haipatikani. Lakini ukurasa waliouchapisha wiki hiyo bado ulisema mafuta yapo muda wote, wakaona hakuna sababu ya kusita. Wakaja. Wakakuta mashine imefunikwa turubai na ghala limefagiliwa.

"Nikawaambia hakuna mafuta mpaka mavuno," alisema. "Yule matroni akanitolea hii. Akaisoma kwa sauti mbele ya majirani zangu. Kisha akaniuliza, 'Wewe si mwalimu? Watoto uliwafundisha hivi?'"

Alikuwa mtu ambaye Misigiri nzima wakulima walimwachia alizeti yao bila kusimama kuangalia mizani. Hakuwa na kitu kingine cha kuwashinda wenye mashine kubwa kuliko hicho, kwamba akisema jambo liko, liko. Wale wageni aliwapa madumu mawili ya jikoni kwake wasirudi mikono mitupu kabisa, na jirani mmoja akaongeza moja. Majirani wengine, alisema, walikuwa wanatazama chini.

Nilikasirika. Hasira yangu huwa inakuja kabla ya akili.

"Lakini Mwalimu, na wewe hukuniambia kuwa yameisha! Mimi nakaa huku, nitajuaje? Ungeniandikia, ningebadilisha siku hiyo hiyo."

"Barua yangu ya mwisho unayo?"

Nilikwenda kwenye boksi nikaitoa. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nilimkabidhi kama mtu anayetoa ushahidi. Hakuipokea.

"Nisomee," alisema. "Toka juu."

Nikasoma. Salamu. Afya ya mama yangu. Mjomba wake aliyevunjika mguu anaendelea vizuri. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja hakuishi. Mvua imeharibu daraja dogo la kwenda shambani. Halafu, bila kupumzika, katika mstari huohuo wa mikosi ya nyumbani: "Na alizeti nayo imetuishia mapema mwaka huu, mafuta hakuna hata tone, tumeifunika mashine mpaka mavuno, basi tunamshukuru Mungu kwa yote." Kisha jirani aliyefiwa. Kisha madhumuni ya barua hii.

Niliishia hapo. Yeye aliona kuishiwa alizeti ni habari ya nyumbani, akaiweka panapowekwa habari za nyumbani. Mtu yeyote aliyekaa darasani kwake angeikuta pale. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu, na macho yakanijaa maji nikiwa bado nimeshika karatasi.

"Sikuja kukugombeza," alisema Mwalimu. "Nimekuja unifundishe kuandika."

Nilimwomba siku kumi na nne. Nikaitafuta ile programu niliyokuwa naikwepa, nikaing'ang'ania mpaka ikakubali, na kwa kuwa maelezo yake yote yalikuwa kwa Kiingereza niliyageuza Kiswahili moja moja. Nikamtengenezea mlango wake wa kuingilia, na ndani yake kisanduku kikubwa cheupe kilichoandikwa "Andika hapa", na vitufe vitatu tu: "Tazama kwanza", "Tuma", "Rudisha ya zamani". Mambo yangu ya nyuma niliyaficha yote. Nilipomaliza nikaona kwamba nilikuwa nimefanya kazi ngumu na nzuri kuliko tovuti yenyewe, na hakuna mtu angeiona.

Alirudi siku tuliyopatana. Karibu na kwake kulikuwa na ofisi ya mradi wa kilimo yenye kompyuta moja na mtandao wa kusuasua, na walishamkubalia kuitumia, kwa hiyo ilibidi ajue kila kitu kabla ya basi la kurudi. Kipanya alikishika kama anayeogopa kitang'ata. Alikibonyeza mara mbili pasipotakiwa na mara moja palipotakiwa mbili. Kila aliponyoosha kidole, mkono wangu wenyewe ulikuwa unakimbilia ubao wa herufi, na kila mara alikuwa anasubiri tu, ananitazama, mpaka niuondoe. Baada ya mara ya nne niliukalia.

"Nikikosea?" aliuliza.

"Unabonyeza 'Rudisha ya zamani'. Inarudi kama ilivyokuwa."

"Yote?"

"Yote, Mwalimu."

"Huko Misigiri heshima yangu haikurudi," alisema, kisha akainama na kuanza kutafuta herufi ya kwanza.

Akaja mteja wa fotokopi, nikamhudumia, na mashine ikatafuna karatasi zake mbili. Nilipogeuka, Mwalimu alikuwa amesogeza kiti nyuma akiwa ameweka mikono mapajani. Ile rangi ya njano ilikuwa imekwenda. Kwenye kisanduku kulikuwa na haya:

"Ndugu wateja wetu, habari za siku nyingi. Sisi huku hatujambo. Ukurasa huu ulisema mafuta yapo muda wote. Si kweli. Mafuta hupatikana baada ya mavuno mpaka yatakapoisha, na sasa yameisha. Watu walitoka mbali wakarudi na mapipa matupu. Tunawaomba radhi. Kosa ni langu mimi mwenye ukurasa."

Nilisoma mara mbili. Hata hapo akili yangu ya zamani ilikuwa inasema kwamba hakuna biashara inayojitangaza namna hii, dunia nzima inasoma. Lakini sentensi ya mwisho ndiyo iliyonichoma.

"Mwalimu, hiyo ifute. Kosa si lako. Ni langu."

"Ukurasa ni wa nani?"

"Ni wako."

"Ulipoandika 'muda wote' nilikuona. Nikanyamaza, kwa sababu ilipendeza na mimi nilitaka kupendeza." Aliisafisha miwani kwa ncha ya kitenge. "Yangu nimeshaandika. Kama na wewe unalo la kusema, kaa hapa uandike chini yake, uweke na jina lako."

Akainuka kwenye kiti.

Nilikaa. Nilikuwa nimeandika tovuti za watu wengi, nimeyasifia mahoteli ambayo sikuwahi kulala ndani yake, nimewapamba wafanyabiashara mpaka wenyewe wakashangaa, na jina langu halikuwahi kuonekana popote. Sasa kisanduku nilichokitengeneza kwa mikono yangu kilikuwa kinanisubiri, na sikupata neno. Mwalimu alisimama nyuma ya kiti changu. Mwisho niliandika:

"Barua ya kusema mafuta yameisha ilinifikia kwa wakati. Sikuisoma."

Nikaweka jina langu. Mwalimu alisogea, akasoma kwa kufuatisha kidole kwenye skrini, taratibu, neno kwa neno. Sikupata alama na sikusahihishwa. Akainama juu ya bega langu na kubonyeza "Tuma".