Mlezi Anayeomba Bi Mdogo Amsahau

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na tayari Bi Mdogo amesusa. Chupa kubwa ya maziwa iko mdomoni pake, lakini mdomo hafungui. Mlezi mnene aliyejificha nyuma ya blanketi lililotundikwa kati ya miti miwili anakohoa kidogo, anajipa moyo, kisha anaanza kughuni wimbo. Sauti yake ni ya mlango usiotiwa mafuta. Bi Mdogo anatikisa masikio, anaegemeza mkonga kwenye blanketi, na ananyonya hadi povu linamtoka.

Nyuma ya ghala la maziwa ya unga, mwanamume mwembamba amejibanza akichungulia. Anashusha pumzi.

"Amekunywa," ananong'ona. "Yule bwana anaimba vibaya jamani, lakini amekunywa!"

Huyu ndiye aliyeleta kasheshe yote. Wenzake katika kituo hiki cha tembo yatima wanamwita Mama Mkonga, naye ameshazoea.

Bi Mdogo aliletwa hapa akiwa mchanga, baada ya kuopolewa kisimani wakati kundi lake limekwisha kata tamaa na kwenda zake. Alikataa kula. Blanketi lilitundikwa, kwa kuwa ndama akiligusa kwa mkonga hujihisi yuko ubavuni mwa mama yake. Hakulijali.

"Nilimwona anakwisha hivihivi," anasema Mama Mkonga. "Nikajikuta naghuni ule wimbo niliombembelezea binti yangu. Akanyonya. Nikasema basi, dawa nimeipata."

Dawa hiyo ikazaa ugonjwa mwingine. Hapa mlezi haruhusiwi kuwa wa ndama mmoja. Walezi hupokezana zamu, na hata makoti hubadilishana, ili harufu ya mtu mmoja isimkae mtoto moyoni. Koti alilivua kama wengine. Sauti angeivulia wapi?

Mkewe anayakumbuka matokeo yake, na anacheka mpaka anajifuta machozi.

"Nimejifungua mtoto wetu wa pili, simu ikaita wodini. Bibi wa porini hanyonyi, eti mpaka aimbiwe! Wakaiweka simu nyuma ya blanketi, mume wangu akaimba. Mimi nimelala na kichanga, yeye anambembeleza mke mwenzangu. Siku hiyohiyo nikampa jina: Bi Mdogo."

Mwezi ujao kicheko hicho kingegeuka kilio. Lori litawahamishia ndama wakubwa kwenye kambi iliyo jirani na makundi ya porini, wanakojifunza kuishi kitembo. Daktari wa wanyama alisema waziwazi: ndama asiyekubali chupa ya kila mlezi habebwi. Rafiki zake wangeondoka, Bi Mdogo abaki na binadamu.

Mama Mkonga akafungua darasa la kuimba. Walezi wote waliingia, na mpishi naye hakuachwa.

"Shuleni mwalimu aliniambia nifungue mdomo tu, sauti nisitoe," anasema mlezi mnene. "Leo eti naimbia tembo!"

Mwanzoni Bi Mdogo aliwakataa wote. Alizunguka uani akimtafuta mtu wake, akilia, na mtu wake yuko palepale nyuma ya ghala, amekatazwa kutoka.

"Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi," anasema. "Mimi sikumzaa, ila naujua. Nililia kama mtoto."

Sasa Bi Mdogo anakunywa kwa kila mlezi, na jina lake limeingia kwenye safari. Mkuu wa kituo alimwambia Mama Mkonga aende naye, akawe kiongozi wa walezi kambini. Kwa mtu anayelea familia kwa mshahara mdogo, hiyo ni bahati. Alishukuru, akakataa.

"Nikienda, atabaki mtoto wangu. Mimi nataka awe tembo. Siku moja waniambie tu kwamba ameonekana huko porini, ana ndama wake, na watu hataki hata kuwaona. Nitafurahi sana."

Siku ya lori ameomba ruhusa akae nyumbani.

"Niwe mbali, akiniita nisimsikie," anasema. "Maana nikisikia, nitaitika."