Kodi ya Soda Nyumbani Kwetu

Miaka ile hifadhi ya bahari ilipoanza, kijijini kwetu Utende tulikuwa na mambo mawili ya kubishania: nyavu, na tumbo langu. Nyavu zilikuwa na watetezi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wakienda baharini, mimi nilibaki kibarazani nikitengeneza redio, soda mkono huu, chipsi mkono huu, bisibisi ikingoja zamu yake. Siku moja daktari kule Kilindoni akaniambia sukari imeanza kupanda, na nisipopungua nitaanza kuumwa miguu. Nikatoka nimenywea. Njiani nikapitia dukani, nikanywa soda ya kujipoza.

Nilipofika nyumbani, redio ya mteja ilikuwa inazungumza: kuna wanaotaka soda na vyakula vya mafuta vitozwe kodi zaidi ili watu wapungue. Nikawaeleza waliokuwapo, kwa elimu yangu ya kidato cha nne, kwamba hiyo ni haki kabisa. Mke wangu alikuwa pembeni akifunga mbegu za mwani kwenye kamba.

"Vizuri," akasema. "Tuanze na wewe."

Hela hakuitaka, alijua ningeitoa kwenye ile ya unga. Kila soda moja, madumu mawili ya maji kutoka kisimani, yakining'inia kwenye mti begani. Baiskeli marufuku.

"Huu ni uonevu."

"Si umesema ni haki?"

"Nilisema watu. Sikusema mimi."

Wiki ya kwanza pipa lilifurika. Majirani wakauliza kama tuna shughuli. Wiki ya pili nikagundua upenyo: wageni. Kwetu mgeni hupewa soda, na mwenyeji hamwachi anywe peke yake; na soda ya ukarimu, nilidai, haina kodi. Nikawa mkarimu ghafla. Hata aliyepita kuulizia betri nilimvutia kiti.

Ndipo akaja bibi yake mke wangu, kutoka kisiwani Jibondo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Lo! Nilikuacha mmoja, nakukuta wawili."

Nikafungua soda mbili upesi. Mke wangu akayaonyesha madumu kwa kidole. "Mawili yako. Na mawili ya bibi."

Bibi akashusha chupa. "Mke mwenzangu, mimi natozwa kwa kosa gani? Kwetu maji yanakuja kwa chombo, na soda inakuja kwa chombo hichohicho. Maji yakichelewa, nanywa kilichopo. Hawa wa hifadhi walipotaka nyavu zetu za macho madogo, tuliwapigia kelele mpaka walipoleta za macho makubwa. Wewe ukiniondolea hiki, unanipa nini?"

Mke wangu akalitazama pipa, kisha akarudi kwenye kamba zake za mwani. Nikafurahi, nikidhani kodi imekufa.

Asubuhi nikakuta maji yote ya pipa, jasho langu la wiki mbili, yametiwa kwenye madumu yaende Jibondo na bibi. Wa kuyafikisha ufukweni alikuwa nani? Mlipa kodi.

Tangu hapo, kila chombo cha Jibondo kilipokuja nilipeleka maji ufukweni. Soda nazo zikapungua, maana nikiikumbuka njia ya kisima, kiu yenyewe ilikuwa inashika adabu. Nikaingiwa na wasiwasi.

"Sasa nisipokunywa, bibi atapata wapi maji? Au ninywe kwa ajili yake?"

"Chukua madumu uende, baba," akasema mke wangu. "Uongo mwingine utautungia njiani."

Nikaenda, bila soda, na sikuona tena kuwa naonewa.

Miezi ikapita. Daktari akapima, akasema sukari imeshuka, niendelee hivyohivyo. Wiki hiyo nikapanda chombo mwenyewe, bila kuvutwa mikono na watu wawili kama zamani, nikampelekea bibi maji hadi mlangoni.

Akanitazama juu mpaka chini. "Na yule mume wangu mwingine umemwacha wapi?"

"Nimemwacha kisimani, bibi."

Akacheka, akanimiminia kikombe cha maji. Soda yake akaisogeza mbali nami.