Fundi Kyengo na Stima ya Gego la Kushoto

Kyengo, fundi wa nguo wa Gitothua, alikuwa na maringo mengi, lakini moja lilishinda yote: hakuwahi kuwa na kimto cha kuchomekea pini. Kimto, alisema, ni cha wasichana wanaojifunza. Fundi aliyeiva huweka pini mdomoni. Yeye alibana ishirini kwa magego ya kushoto, akapima, akakata na kushona, na kwa miaka kumi na saba hakumeza hata moja. Sawa, moja alimeza, lakini mkewe Mbinya ameahidi kutosema.

Sasa gego mojawapo likatoboka. Alilitibu kwa karafuu na kwa matusi mpaka vyote vikamwishia, ndipo Jumatatu Mbinya akampeleka Thika kwa daktari wa meno, msichana mpole mwenye mikono miepesi. Daktari aliliziba kwa madini ya rangi ya fedha, kisha akamweleza polepole: kwa wiki mbili hivi jino litashtuka akinywa kitu baridi au moto, ni kawaida, litatulia lenyewe. Pia chuma kikigusa madini hayo yakiwa mapya, kitamrusha kama betri. Akamuuliza kazi yake ni gani. Kyengo, shavu moja limekufa ganzi, akajibu kwamba yeye ni mkurugenzi wa kampuni ya mavazi. Fundi angeonywa kuhusu pini. Mkurugenzi alionywa kuhusu uma na kijiko.

Na wiki yenyewe haikuwa ya mchezo. Kwaya ya kina mama ilikuwa ivae gauni mpya za zambarau Jumapili, kumi na mbili, na Kyengo alikuwa amemaliza tano tu. Kiongozi wao, Wangeci, alikuwa amemwambia bila kupandisha sauti kwamba Alhamisi atapita, na asiporidhika atabeba kitambaa chake ampelekee fundi mwingine. Kazi ya kanisa, ambayo Kyengo alikuwa nayo miaka tisa, nayo ingehama.

Jumanne asubuhi chai ilimfanya aruke, na maji ya mfereji yakamfumbisha jicho moja. Hayo aliyakubali, alikuwa ameambiwa. Lakini alipokaa kwenye mashine na kuweka pini mahali pake, kitu kilimpiga kutoka shavuni hadi sikioni. Hapo hapo akamjua adui: stima.

Akamwita Muigai, keateka anayetunza jengo. Muigai alikuja na testa yake ya kupimia stima, akagusa soketi, akagusa mashine, akagusa hata mlango wa chuma, taa ya testa ikakataa kuwaka. Kyengo akamwambia stima ya jengo hilo ni mjanja, inamjua keateka, ikisikia miguu yake inajificha. Muigai akaenda zake akitikisa kichwa.

Jumatano Kyengo akazima stima ya duka zima, akaleta kutoka nyumbani mashine ya mkewe ya kukanyaga kwa miguu. Akaweka pini. Ikampiga tena. Mtu mwingine angeanza kujiuliza maswali. Kyengo alivaa gambuti za mpira.

Wangeci alimkuta hivyo Alhamisi, jua limewaka, fundi akikanyaga pedeli na gambuti, gauni ya sita haina hata mkono mmoja.

"Fundi, kuna mafuriko?"

"Mama, usikanyage hapo. Stima imeingia kwa sakafu."

Wangeci aliinama, akaizunguka mashine yote. "Hii umeichomeka wapi?"

"Haichomekwi. Ni ya miguu."

"Na stima inaingilia wapi?"

"Hayo ndiyo maajabu yenyewe."

Mbinya, aliyekuwa pembeni akiambua maganda ya minji, hakuinua macho. "Baba Muoki," akamwambia mumewe, "daktari alisema nini kuhusu chuma?"

"Alisema kijiko."

Wangeci akamwagiza aondoke kwenye mashine, asimame katikati ya duka, abane pini moja tu. Kyengo akasimama, kifua mbele. Akabana. Gambuti zote mbili ziliacha sakafu.

Wangeci hakucheka. Alianza kukunja kitambaa cha zambarau, upindo kwa upindo, na Kyengo akaiona miaka tisa ikikunjwa pamoja nacho. Ndipo sauti yake ikashuka. Akauliza kama kuna namna.

"Vaa kimto," Wangeci akasema. "Sasa hivi, nikiona."

Mbinya alichukua kipande cha kitambaa kilichobaki, akakijaza pamba, akakitia lastiki na kumfunga mumewe mkononi kama saa. Kyengo akakiangalia kama mtu aliyevishwa nepi. Lakini alishona. Alishona siku hiyo na Ijumaa nzima, akinywa uji wa vuguvugu kwa upande wa kulia, na Jumamosi saa sita gauni zote kumi na mbili zilikuwa zinaning'inia.

Kina mama walipokuja kuzijaribu, waligundua jambo ambalo pini ziliwafichia miaka yote. Mdomo wa Kyengo sasa ulikuwa wazi. Alipima bega akieleza jinsi alivyomfundisha daktari kazi. Alikunja pindo akieleza kwamba mafundi wakubwa wote wa ng'ambo huvaa kimto. Mama wa saba aliondoka na gauni yake imegeuzwa ndani nje, kwa haraka.

Wangeci alimvuta Mbinya kando, akamuuliza kwa upole hizo wiki mbili za jino zinaisha lini.